Kuzingira ngome mezani: mwongozo kamili wa vita vya visanamu

Katika mchezo wa vita unaochezwa mezani kwa visanamu na dadu, vita vya kuzingira ngome huharibika kwa njia mbili. Mshambuliaji anapanga foleni chini ya ukuta, watu wake wanauawa mmoja mmoja, na baada ya saa tatu hakuna kilichobadilika. Au mtetezi anapanga wapiga mishale juu ya ukuta kisha anakaa kurusha dadu hadi jioni bila kulazimika kuamua chochote. Mzizi wa yote mawili ni mmoja: ukuta umejaa watu. Mwenye watu wa kutosha kila mahali hana la kuchagua, na anayemshambulia hana pa kupenya.

Basi mwongozo huu umejengwa juu ya sharti moja: walinzi wasiutoshe ukuta wao, na muda usimtoshe mshambuliaji. Kila namba utakayoiona hapa chini imewekwa kwa ajili ya sharti hilo. Ukibadilisha namba, badilisha ukilikumbuka.

Kanuni hizi si mchezo kamili. Zinakaa juu ya mchezo mnaoujua tayari, iwe Warhammer, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1983, iwe Kings of War, au kanuni zenu wenyewe za nyumbani. Mchezo wenu uwe tu na kutembea, kurusha, kupigana ana kwa ana na kupima ari ya kikosi, yaani kama kitasimama au kitakimbia. Dadu ni zile za kawaida za pande sita. Vipimo vyote ni vya sentimita. Mliozoea inchi, hesabuni inchi moja kuwa sentimita 2.5.

Kwa mfano wetu, ndani ya ngome wamo binadamu, na nje wapo mazimwi. Mnaweza kuweka mbilikimo na mizuka, au chochote mlicho nacho kabatini.

Hatua ya 1: Pimeni majeshi

Mshambuliaji apewe pointi 2,000 za kununulia askari, mtetezi 1,000. Uwiano wa mbili kwa moja unaonekana mkali, lakini ukuta wenyewe ni jeshi. Chini ya hapo mshambuliaji anakwama. Na mkimpa tatu kwa moja, mtetezi anakuwa mtazamaji.

Mtetezi abaki na watu kati ya 35 na 42 wa miguu. Baadaye mtaona ukuta wa mbele na wa pembeni unabeba watu 48. Huo upungufu ndio mchezo wenyewe. Mtetezi akitaka kununua wanamgambo rahisi ili ajaze kila kona, mkatalieni. Achukue watu wachache walio bora, na farasi watano au sita wa kutokea nje.

Kwa mshambuliaji, farasi ni hasara tupu, kwani hapandi ngazi. Nusu ya jeshi lake iwe askari wa miguu wa bei ya chini ambao hatawalilia, na awe na kikosi kimoja au viwili vya wakali atakaowahifadhi kwa ajili ya pengo.

Zaidi ya hizo, kila upande unapewa pointi za vifaa: mshambuliaji 300, mtetezi 150. Tutazitumia katika hatua ya 3.

Hatua ya 2: Jengeni ngome

Meza iwe na urefu wa sentimita 180 na upana wa 120. Meza mbili za chakula zikiunganishwa, juu yake mbao nyembamba ya plaiwudi, zinatosha.

Mahitaji ya ngome ni haya:

- vipande 6 vya ukuta, kila kimoja urefu wa sentimita 20, kimo 11, na ujia wa juu wenye upana wa 5
- minara 2 ya pembeni, sentimita 12 kwa 12, kimo 17
- jengo la lango, upana wa sentimita 16

Upana wa ujia usiupuuze. Visanamu vingi vya milimita 28 vina kitako cha milimita 20 au 25, kwa hiyo sentimita 5 zinabeba safu mbili. Ujia mwembamba unaopendeza kwenye picha utawaangusha walinzi wako kila mtu akigusa meza. Kwa kitako cha milimita 25, kipande kimoja cha ukuta kinapanga watu 8 kwenye ukingo. Wanaotumia visanamu vya karatasi vilivyobandikwa juu ya vizibo vya soda wahesabu 6, maana kizibo kina upana wa sentimita 3 na ushee. Hao wapunguze pia idadi ya watetezi, wabaki 27 hadi 32.

Kwa ujenzi, chukua lile povu jeupe gumu linalolinda televisheni ndani ya boksi lake. Likate kwa kisu chenye wembe mpya, kisha chora mistari ya mawe kwa kalamu ya wino iliyokauka. Tumia gundi nyeupe ya mbao na rangi ya maji. Rangi ya kopo la kupulizia hulila povu hilo mpaka linatoboka, na supagundi hali kadhalika. Kwanza lipake tabaka mbili za gundi ya mbao iliyochanganywa na maji na mchanga kidogo, iache ikauke usiku kucha, ndipo upake rangi. Kadibodi ya maboksi nayo inafaa, ila iongezewe uzito wa kokoto chini.

Vipande visigandishwe kimoja na kingine. Ukuta utabomoka katikati ya mchezo, na lazima kipande kitoke mezani peke yake bila kuvuruga jirani zake. Andaeni pia rundo la kifusi la urefu uleule ili liwekwe mahali pake.

Sasa pangeni. Upande mmoja mrefu wa meza ni wa mtetezi. Mbele, kutoka kushoto: mnara, vipande viwili vya ukuta, lango, vipande viwili, mnara. Hapo ni sentimita 120. Kila mnara unarudi nyuma kwa kipande kimoja cha ukuta hadi ukingo wa meza, ngome nzima ikiwa na kina cha sentimita 32, na katikati unabaki uwanja wa ndani. Simamisheni bendera katikati ya uwanja huo.

Minara itokeze mbele ya ukuta kwa sentimita 4 hivi. Hili si pambo. Mlinzi aliyesimama juu ya ukuta ulionyooka hawezi kumlenga aliye chini ya miguu yake mpaka achungulie. Aliye kwenye mnara uliotokeza anapiga mishale sambamba na ukuta wote. Kwenye kanuni zetu iko hivi: adui aliyegusa ukuta halengwi na walinzi wa kipande hicho, isipokuwa wakubali kupoteza kinga ya ukingo kwa raundi nzima. Wa mnarani wanamlenga bila masharti. Kwa hiyo mshambuliaji anayejua kazi yake huanza na mnara.

Hatua ya 3: Nunueni vifaa

Mshambuliaji, kwa pointi zake 300, anachagua kati ya hivi: ngazi (10 kila moja), gogo la kubomolea lango (50), mtambo wa kurushia mawe (100), mnara wa magurudumu (120), na shimo la chini kwa chini la kuangushia ukuta (120). Mitambo miwili, gogo na ngazi tano zinakamilisha 300. Mnara, shimo na ngazi sita nazo vilevile. Mchanganyiko wa kwanza unaeleweka zaidi kwa anayeanza, wa pili una raha zaidi.

Mtetezi, kwa pointi 150: shehena ya mawe ya kudondosha (10 kila moja), sufuria kubwa ya maji ya moto juu ya lango (40), mlango wa siri wa kutokea nje (30), na handaki mbele ya vipande viwili vya ukuta vinavyopakana (60). Mbele ya lango handaki haliruhusiwi. Wengi watataka mafuta ya moto kwa sababu wameyaona kwenye filamu. Mafuta yalikuwa mali ghali. Maji yaliyochemka na mchanga wa moto ndivyo vilivyokuwa rahisi kupatikana.

Hatua ya 4: Miezi ya njaa

Wengi huiruka hatua hii, nami naiona ndiyo inayotofautisha kuzingira na pigano la kawaida lenye ukuta katikati. Ngome nyingi hazikuanguka kwa ngazi, zilianguka kwa njaa na maradhi. Fort Jesus ya Mombasa ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33, na walipoingia ndani waliowakuta hai walikuwa wachache mno.

Kabla ya kupanga visanamu, mshambuliaji anatamka atangoja miezi mingapi: sufuri, mmoja, miwili au mitatu. Kwa kila mwezi, rusheni dadu moja kwa kila kikosi cha pande zote mbili. Kikosi cha mtetezi kikipata 1 au 2, kinapoteza watu wawili. Cha mshambuliaji kinapoteza wawili kikipata 1, maana kambi ya nje nayo ina kuhara na homa. Miezi ikiisha, mtetezi anarusha dadu moja: akipata namba iliyo sawa na idadi ya miezi au chini yake, jeshi la msaada la pointi 300 litaingia nyuma ya mshambuliaji raundi ya 5.

Miezi mitatu ina maana ya nusu kwa nusu kwamba msaada utafika. Mshambuliaji mwenye mitambo miwili hana haja kubwa ya kungoja; mwenye ngazi tupu ana sababu ya kungoja.

Hatua ya 5: Kupanga majeshi

Mtetezi anapanga kwanza, wote, waziwazi, akiacha angalau kikosi kimoja cha akiba uwanjani. Kutoka uwanjani hadi juu ya kipande chochote ni mwendo wa raundi moja. Kuhama kutoka kipande kimoja hadi cha jirani kupitia ujia ni raundi moja pia.

Mshambuliaji anapanga baadaye, umbali usiopungua sentimita 45 kutoka ukuta wa mbele. Aliyenunua shimo anaandika kwenye karatasi ni kipande kipi analichimbia, anaikunja na kuiweka chini ya kikombe. Mshambuliaji ndiye anayeanza.

Hatua ya 6: Raundi nane

Mchezo ni raundi 8, hakuna ya nyongeza. Askari wa miguu anayetembea sentimita 15 anagusa ukuta raundi ya 3. Gogo linasukumwa sentimita 12, linafika langoni raundi ya 4. Mnara wa magurudumu unakwenda sentimita 10, unafika raundi ya 5. Vyote vinahitaji wasukumaji sita. Wakipungua chini ya wanne, mwendo unakuwa nusu. Mtetezi anaona kinachomjia na anajua kitafika lini. Anachokosa ni watu wa kukipokea.

Mishale kwanza. Anayemlenga mlinzi aliye nyuma ya ukingo anapunguziwa 2 kwenye dadu yake. Anayewalenga wasukumaji wa gogo na wa mnara anapunguziwa 1, kwani wamejificha nyuma ya mbao.

Ngazi. Kipande kimoja cha ukuta kinapokea ngazi zisizozidi tatu. Kila ngazi ina mpandaji mmoja anayepigana, akipunguziwa 1 kwenye dadu yake, na walinzi wawili wanaweza kumshambulia. Akiua naye asife, mweke juu ukutani: amepata pa kukanyaga. Kuanzia raundi inayofuata anapigana sawasawa na wengine, na mwenzake anapanda nyuma yake. Mlinzi anaweza kuacha kupigana ili aisukume ngazi. Kwa 5 au 6 inaanguka, na aliyekuwa juu yake anakufa kwa 4 na kuendelea. Ngazi ambayo mtu wake amekwisha kukanyaga ukuta haisukumiki tena.

Shehena ya mawe inatumika mara moja: dadu tatu kwa walio chini ya kipande hicho, kila 4 na kuendelea ni mtu mmoja. Usiimalize raundi ya 3. Kundi la kwanza kufika ni lile la bei ya chini, na mpinzani wako anatamani ulimwagie mawe yako yote.

Ari. Walinzi wa ukutani hawapimi ari mpaka adui awe amekanyaga kipande chao. Hapo wanapima kama kawaida, na wakivunjika wanashuka uwanjani. Vikosi vya vipande jirani navyo vinapima. Ukuta mzima unaweza kuporomoka kwa dadu moja mbaya, na ni haki yake.

Gogo na lango. Lango lina uhai wa 10. Kila raundi gogo linapogusa, rusha dadu moja na uipunguze namba hiyo. Kwa mapigo mawili uwezekano wa kulivunja ni mmoja kati ya sita. Kwa matatu unapanda hadi asilimia 62. Maana yake, gogo lililofika raundi ya 4 huvunja lango raundi ya 6, na zinabaki raundi mbili za kuingia. Likicheleweshwa raundi moja tu, mshambuliaji ameanza kutokwa jasho. Sufuria ya maji ya moto inarusha dadu sita kwa walio langoni, kila 4 na kuendelea ni mtu, mara moja tu katika mchezo wote.

Mnara wa magurudumu ukifika unashusha daraja lake juu ya ukuta. Wanapigana wanne kwa wakati mmoja bila kupunguziwa chochote. Mbele ya handaki unakwama mpaka kikosi kingine kitumie raundi nzima kulijaza kwa matita ya fito.

Mitambo. Kipande cha ukuta kina uhai wa 8. Mtambo unagonga kwa 4 na kuendelea. Ukigonga, rusha dadu tena na utoe 2, kinachobaki ndiyo hasara. Mitambo miwili ikilenga kipande kimoja huwa inakiangusha karibu na raundi ya 5. Ikigawanywa kwenye vipande viwili, huenda visianguke vyote. Kipande kikianguka, waliokuwa juu yake wanakufa kwa 3 na kuendelea, kifusi kinawekwa, na humo wanapigana sawa kwa sawa, mwendo nusu.

Shimo. Kuanzia raundi ya 3 rusha dadu: 6 inaangusha kipande kilichoandikwa, raundi ya 4 ni 5 na kuendelea, ya 5 ni 4 na kuendelea, ya 6 ni 3, na kadhalika. Mtetezi anaweza kuweka mtu mmoja uwanjani nyuma ya kipande anachokishuku akiwa na bakuli la maji, akitazama kama maji yanatikisika. Kila raundi, kwa 5 au 6, mshambuliaji anakiri kama shimo liko hapo au la. Likigunduliwa, rusheni dadu moja kila mmoja: mtetezi akipata kubwa zaidi, wachimbaji wamezikwa. Konstantinopoli mwaka 1453 watetezi walichimba mashimo yao kukutana na ya Waturuki. Na anayedhani shimo ni la hadithi tu aende Rochester, Uingereza: mwaka 1215 Mfalme John aliagiza nguruwe 40 wanono, mafuta yao yakawashia moto mihimili iliyoshikilia shimo chini ya kona ya ngome. Kona ikaanguka. Ilijengwa upya ikiwa ya mviringo, nayo ni tofauti na zile nyingine tatu za mraba hadi leo.

Hatua ya 7: Majoka, majitu na wachawi

Hapa ndipo ngome ya kifantasia inapogeuka kichekesho. Ukuta haumzuii mwenye mabawa, na mchawi anayehamisha kikosi kwa neno moja anaifuta kazi yote mliyoifanya. Wekeni mipaka kabla ya dadu ya kwanza, si baada ya joka kutua uwanjani.

Viumbe warukao wasitue ndani ya ngome kabla ya raundi ya 4, na wanapokuwa hewani walinzi wote wanaowaona wanawalenga bila kupunguziwa. Uchawi wa kuhamisha watu usivuke ukuta. Uchawi wa moto na radi uruhusiwe, ila dhidi ya jiwe uhesabiwe kama pigo moja la mtambo kwa raundi. Jitu linalofikia ukingo kwa mikono lipigane na walinzi bila ngazi, lakini liwe moja tu kwa jeshi. Mizuka wanaopenya mawe warushe dadu kila mmoja. Atakayepata 1 amebaki ndani ya ukuta milele.

Hatua ya 8: Hesabu za mwisho

Raundi ya 8 ikiisha, mshambuliaji anahesabu alichoshika, yaani mahali ambapo yeye yumo na mtetezi hayumo: lango pointi 3, kila mnara 2, kila kipande cha ukuta 1 (hata kikiwa kifusi), bendera ya uwanjani 4. Akifikisha 6 ameshinda. Akiwa na 4 au 5 ni sare. Chini ya hapo ngome imesimama. Mtetezi anampunguzia pointi 1 kwa kila gogo, mnara au mtambo aliouharibu kwa kutoka nje. Ndiyo sababu nilitaka awe na farasi na mlango wa siri.

Namna ya kufikiri, kwa pande zote mbili

Mshambuliaji: tishia sehemu tatu, ingia moja. Peleka ngazi kwenye kipande cha kushoto kabisa, gogo langoni, kisha mitambo yote kwenye kipande cha kulia. Mtetezi ana akiba ya kikosi kimoja au viwili, nayo haiwezi kuwa sehemu tatu. Unachokiwinda ni ile raundi ambayo akiba yake imekwisha kupanda ukuta usiofaa. Wakali wako wakae nyuma mpaka raundi hiyo, hata mpinzani akikucheka kwamba umewanunua wa maonyesho.

Mtetezi: usiugawe ukuta sawasawa. Acha kipande kimoja na watu watatu tu, waziwazi, karibu na akiba yako; mshambuliaji mwenye tamaa atakimbilia huko, na mnara wako utampiga ubavuni. Toka nje na farasi raundi ya 3 au ya 4, wakati gogo liko karibu lakini askari wa ngazi wamekwisha kuzama ukutani. Ukitoka mapema unakutana na jeshi zima, na ukichelewa lango limekwisha kupasuka. Uhai wa kipande ukishuka hadi 2, shusha watu wako uwanjani na uwapange nusu duara kulitazama pengo. Kifusi kinapitika kwa shida, na wanaotoka humo wanatoka wachache wachache.

Mchezo mmoja unachukua kama saa nne kwa waliozoea kanuni. Kwa kuwa uwiano wa pointi hauwezi kuwa sawa kwa kila aina ya majeshi, badilishaneni pande siku nyingine, ngome ileile na majeshi yaleyale, kisha mlinganishe pointi ambazo kila mmoja alizipata akiwa nje. Mkilingana, mshindi ni aliyengoja miezi michache zaidi.